Kuvunja daraja ili ujifunze kulijenga

Programu moja ya bure iliyobuniwa Marekani imewawezesha wanafunzi wa uhandisi kuangusha madaraja mengi bila kumwumiza mtu. Inafundisha mengi kwa muda mfupi, ila kuna jambo moja ambalo lazima mwalimu alifundishe mwenyewe.

Lori linatoka ukingo wa kushoto. Vyuma vya juu vya daraja vinageuka vyekundu na vya chini vinakuwa bluu, na kadiri lori linavyokaribia katikati, rangi zinakolea. Kisha chuma kimoja cha juu kinapinda, daraja lote linakunjika na lori linatumbukia bondeni. Darasa linaangua kicheko. Aliyelichora anarudi kwenye mchoro, ananenepesha chuma kilichomwaibisha, kisha analipitisha lori upya. Jaribio zima halikula hata dakika tano.

Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda katika madarasa yanayotumia Bridge Designer, programu iliyozaliwa West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani. Aliyeibuni ni Stephen Ressler, aliyekuwa kanali na profesa wa uhandisi wa ujenzi chuoni hapo. Mwaka 2002, chuo kilipotimiza miaka 200, programu hiyo ilitumika kuendesha shindano la wanafunzi wa nchi nzima, ikijulikana wakati huo kama West Point Bridge Designer. Kila mshindani alipewa bonde la kuvuka, aina kadhaa za chuma na lori la kubeba. Mshindi alikuwa yule ambaye daraja lake lingelivusha lori kwa gharama ndogo kuliko ya wenzake wote.

Sharti la gharama ndilo linaloitofautisha programu hii na michezo ya kompyuta ya kujenga madaraja. Kujenga daraja lisiloanguka si kazi ngumu kwa mwenye chuma kingi na asiyeulizwa bei. Kazi ya mhandisi inaanza pale anapotakiwa kuondoa chuma kisichohitajika na kubakiza kinachohitajika. Lakini katika huko kuondoa ndiko pia kuna mtego.

Kenchi ya barabarani

Madaraja ya programu hii ni ya kenchi. Mtu yeyote aliyewahi kuingia katika nyumba isiyopigwa dari ameiona kenchi: mbao zilizopangwa kwa pembetatu kubeba bati. Daraja la kenchi ni mpangilio huohuo, ila mbao zimekuwa vyuma na mzigo ni magari. Mwanafunzi huchora upande mmoja tu, na programu inautengenezea pacha wake wa upande wa pili.

Somo la kwanza linakuja hata kabla lori halijawashwa. Ukiunganisha vyuma vinne kuwa mraba, viungo vyake vikiwa huru kuzunguka, mraba unalala ubavu ukiusukuma kidogo. Ongeza chuma kimoja cha mshazari, zinapatikana pembetatu mbili, na umbo linatulia. Kanuni yake ni fupi: zidisha idadi ya viungo kwa mbili, kisha toa tatu, nawe utapata idadi ndogo kabisa ya vyuma inayotakiwa. Viungo vitatu vinahitaji vyuma vitatu, viungo vinne vinahitaji vitano. Mwanafunzi aliyesahau chuma kimoja haambiwi daraja lake ni dhaifu. Anaambiwa kwamba bado halijawa daraja.

Somo la pili liko katika rangi. Wekundu unaonyesha chuma kinachogandamizwa, bluu inaonyesha kinachovutwa. Katika daraja la kawaida lililoegemea kingo mbili, vyuma vya juu hugandamizwa na vya chini huvutwa. Mwalimu anaweza kuyaandika hayo ubaoni kwa miaka mingi na wanafunzi wakayakariri. Ila mtu akiona chuma kimoja cha mshazari kikibadilika kutoka bluu kwenda wekundu kwa sababu tu lori limesogea hatua chache mbele, anatambua kwamba mzigo wa daraja hautulii mahali pamoja, na kwamba chuma kimoja kinaweza kufanya kazi mbili zinazopingana katika safari moja ya lori.

Somo la tatu ndilo linalowashangaza wengi. Chuma kinachogandamizwa kimevunjika, mwanafunzi ana pesa kidogo za ziada, naye anakibadilisha kwa chuma cha ubora wa juu, kile ghali. Anajaribu tena, na kinapinda vilevile. Anadhani programu ina hitilafu. Programu iko sawa kabisa. Chuma kirefu na chembamba kikigandamizwa hakisubiri kupondeka. Hupinda ubavuni mapema, na kupinda huko hutegemea ukakamavu wa chuma, ambao ni karibu sawa kwa chuma cha kawaida na cha bei mbaya. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alilionyesha jambo hilo kwa hesabu katika karne ya 18. Hesabu yake inasema pia kwamba ukipunguza urefu wa chuma kama hicho kwa nusu, uwezo wake wa kuhimili kupinda unaongezeka mara nne.

Kwa hiyo dawa ni kufupisha chuma, au kukipanua bila kukiongezea uzito. Bomba lenye uwazi ndani hupinda kwa shida zaidi kuliko chuma kizima chenye uzito uleule, kwa kuwa chuma chake kimesogezwa mbali na kitovu. Chuma kinachovutwa hakina tabu hiyo: kiwe kirefu au kifupi, bomba au kizima, kinachohesabika ni kiasi cha chuma kilichopo mtu akikikata na kutazama uso wake. Baada ya majaribio machache, mwanafunzi anaanza kuweka mabomba penye wekundu na vyuma vizima vyembamba penye bluu. Anakuwa ameipata kanuni kabla ya kuisoma kitabuni.

Ugomvi wa karne ya 19

Programu inawapa wanaoanza vielelezo vya kenchi mashuhuri, vikiwemo vya Howe na Pratt. Kwa mbali mtu hawezi kuvitofautisha. Tofauti yao ni mwelekeo wa vyuma vya mshazari tu.

William Howe alipata hataza yake Marekani mwaka 1840, wakati madaraja mengi yalikuwa ya mbao. Katika mpangilio wake mishazari hugandamizwa, kazi ambayo mbao nene huiweza, na fito za chuma zilizosimama wima huvutwa. Mwaka 1844 Thomas Pratt na baba yake Caleb waligeuza mishazari. Ikawa inavutwa, na vyuma vya wima, ambavyo ni vifupi, vikagandamizwa. Chuma kilipochukua nafasi ya mbao, mpangilio wa Pratt ulionekana kuwa na akili zaidi, kwa sababu ileile ya Euler: kinachogandamizwa kiwe kifupi.

Hilo halikueleweka kwa wote kwa wakati mmoja. Daraja la reli la Ashtabula, Ohio, lilijengwa kwa chuma kitupu kwa mpangilio wa Howe. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1876 lilianguka treni ikiwa juu yake, na watu wapatao 92 walikufa. Wachunguzi walikuta kasoro kadhaa, na udhaifu wa mishazari iliyogandamizwa ulikuwa mojawapo. Leo mwanafunzi anaweza kuigeuza mishazari yote ya daraja lake, akatazama rangi zikibadilishana nafasi na gharama ikipanda au kushuka, na darasa likajadili uamuzi wa wajenzi wa Ashtabula huku ushahidi ukiwa mbele yao.

Bei inafundisha

Gharama katika programu hii haipimwi kwa kilo za chuma peke yake. Kila kiungo kina bei. Kila aina mpya ya chuma unayoagiza ina malipo yake, hivyo mtu anayechagua unene tofauti kwa kila chuma, ili aokoe gramu hapa na pale, anajikuta ameongeza bili. Anajifunza jambo ambalo mafundi wa kuchomelea wanalijua vizuri: kununua saizi chache kwa wingi ni nafuu kuliko kununua saizi nyingi moja moja. Kuna gharama za eneo pia, yaani kuchimba, kujenga egemeo la ukingoni, kuinua au kushusha sakafu ya barabara.

Halafu kuna mivutano isiyo na jibu la moja kwa moja. Ukiongeza kimo cha kenchi mara mbili, nguvu katika vyuma vya juu na vya chini hupungua karibu nusu, nawe unaweza kuvifanya vyembamba. Lakini vyuma vya wima na vya mshazari vimerefuka, na vile vinavyogandamizwa vimeanza kutishia kupinda. Ukiongeza viungo ili uvifupishe, unalipia viungo. Mahali fulani katikati pana daraja la bei nzuri, na hakuna kanuni moja ya kukupeleka hapo. Unajaribu, unapima, unarudi nyuma. Vijana waliozoea kwamba kila swali la hesabu lina jibu moja nyuma ya kitabu wanakutana kwa mara ya kwanza na kazi ya uhandisi ilivyo, ambayo majibu yake ni mengi na kila jibu lina gharama yake.

Akiba isiyoonekana

Sasa tuutazame mtego. Daraja linaloshinda kwa bei ni lile ambalo kila chuma chake kimefikishwa karibu kabisa na ukomo wa uwezo wake. Programu inaonyesha uwiano wa nguvu na uwezo wa kila chuma, na mshindani hodari hufurahia kuona uwiano umekaribia moja kila mahali. Hapo mwanafunzi anaweza kuondoka darasani akiamini kwamba mhandisi mzuri ni yule anayelisogeza daraja hadi ukingoni mwa kuvunjika.

Asichokiona ni kwamba programu imeshamwekea akiba. Ikifuata utaratibu wa kanuni za usanifu wa madaraja za Marekani, inaikuza mizigo kwa hesabu na kuupunguza uwezo wa chuma kabla ya kulinganisha. Moja ya kwenye skrini si moja ya kweli. Kuna nafasi imeachwa baina yake na maafa. Nafasi hiyo haikuwekwa kwa woga. Imewekwa kwa sababu chuma hakitoki kiwandani kikiwa sawa chote, fundi hukosea vipimo, lori huzidisha mzigo na kutu hula. Akiba haiozi, husema wahenga. Kwenye daraja huliwa kidogo kidogo, na mara nyingi hakuna anayeweka kumbukumbu ya nani amekula nini.

Daraja la Quebec nchini Kanada ni mfano ambao kila darasa la namna hii lingepaswa kuujua. Uwazi wake mkuu uliongezwa kutoka mita 488 hadi 549, lakini uzito wa daraja lenyewe haukuhesabiwa upya ipasavyo. Vyuma vilipoanza kupimwa, ikaonekana uzito halisi umeyapita makadirio. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, aliona ziada hiyo bado inavumilika, na kazi ikaendelea. Mnamo Agosti 1907 watu waliokuwa kwenye eneo la ujenzi walipima vyuma vikubwa vya chini, ambavyo katika daraja la aina hiyo ndivyo vinavyogandamizwa, na kukuta vimeanza kujipinda. Tarehe 29 ya mwezi huo daraja lilianguka, wafanyakazi 75 wakafa. Hesabu za nguvu hazikuwa ngeni kwa wahandisi hao. Akiba ilikuwa imeliwa na uzito uliodhaniwa mdogo, na waliokuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi hawakuisimamisha kwa wakati.

Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi swali la akiba lina sura ya karibu. Lori la kwenye programu ni la viwango vya Marekani. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari zima kufikia tani 56. Je, daraja lako lililosifiwa na programu lingezibeba hizo? Na je, lingelibeba lori lililokwepa mizani usiku? Mwalimu akiyauliza hayo, programu inakoma kuwa mashindano ya kushusha bei na inakuwa mahali pa kubishana kuhusu hatari: ni kubwa kiasi gani, nani ameikubali, na nani atalipa.

Kiungo ambacho skrini haikioni

Katika programu, kiungo ni duara dogo ambako vyuma vinakutana. Hakichoki, hakina unene, hakivunjiki. Kinachojaribiwa ni vyuma baina ya viungo. Kurahisisha huko kunasaidia hesabu, na vitabu vya mwaka wa kwanza vinafanya vivyo hivyo. Lakini daraja la kweli lina bamba la chuma kila mahali vyuma vinapokutana, limefungwa kwa ribiti au bolti, na nguvu zote zinapita humo.

Tarehe 1 Agosti 2007, saa kumi na mbili jioni, daraja la barabara ya I-35W mjini Minneapolis lilianguka katika mto Mississippi wakati wa msongamano wa magari. Watu 13 walikufa na 145 waliumia. Lilikuwa daraja la kenchi za chuma lililofunguliwa mwaka 1967. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani iligundua kwamba mabamba ya baadhi ya viungo yalikuwa na unene wa karibu nusu tu ya uliotakiwa, kosa lililokuwemo tangu kwenye usanifu. Daraja lilisimama miaka 40 na kosa hilo ndani yake. Katika miaka hiyo lilikuwa limeongezewa uzito, ikiwemo tabaka jipya la zege la mwaka 1977, na siku lilipoanguka kulikuwa na mchanga, kokoto na mashine za ukarabati zilizorundikwa juu yake karibu na sehemu dhaifu.

Programu inayopima vyuma peke yake ingelipitisha daraja hilo. Vyuma vyake vilikuwa vinatosha.

Ujenzi wenyewe pia programu haiuoni. Kwenye skrini daraja linazaliwa likiwa kamili, kisha lori linapita. Katika maisha, daraja hupitia miezi ya kuwa nusu, na wakati huo vyuma vinaweza kubeba nguvu ambazo havitazibeba tena daraja likikamilika. Quebec lilianguka likijengwa. Wasomaji wa Kenya wanalikumbuka daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia huko Budalang'i, kaunti ya Busia, lililoporomoka Juni 26, 2017 kabla halijakamilika, takriban wiki mbili baada ya Rais Uhuru Kenyatta kulitembelea.

Wala programu haijui maji na udongo. Maegemeo yake ya ukingoni hayatikisiki. Machi 2020 mafuriko yaliikata barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma eneo la Kiyegeya, Gairo, na msururu wa magari ukakwama. Maji yakishakula udongo chini ya egemeo, ubora wa kenchi iliyo juu hausaidii kitu.

Na haiulizi kama chuma ndicho kinachofaa mahali hapo. Mkoani Kigoma, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, imejenga madaraja ya mawe ya umbo la tao, kwa gharama ndogo sana kuliko ya zege na nondo. Tao hubeba kwa kugandamizwa karibu lote, na jiwe linapenda kugandamizwa. Mwanafunzi aliyezielewa rangi za skrini anaweza kueleza kwa nini madaraja hayo yanasimama bila chuma, ingawa programu haina jiwe hata moja la kumpa.

Skrini kisha gundi

Ressler mwenyewe hakuishia kwenye kompyuta. Mwaka 2001 alichapisha kitabu cha kuwaongoza wanafunzi kusanifu na kujenga madaraja kwa karatasi ngumu za majalada ya faili. Wanakata vipande, wanavikunja kuwa mabomba, wanavipima uwezo wa kuvutwa na kugandamizwa, kisha wanajenga kenchi na kuipakia mzigo. Vifaa hivyo vinapatikana katika duka lolote la vifaa vya ofisi kuanzia Kariakoo hadi Kisumu, na havihitaji umeme.

Anayepitia njia zote mbili anapata kitu ambacho njia moja haitoi. Daraja la karatasi mara nyingi huachia kwenye gundi, pale bamba dogo la karatasi linapounganisha vipande, huku vipande vyenyewe vikiwa vizima. Kilichofichwa na duara dogo la kwenye skrini kinaonekana kwa macho. Na daraja la karatasi hujengwa hatua kwa hatua, hivyo mwanafunzi anagundua mwenyewe kwamba kenchi moja isiyofungwa na pacha wake inalala ubavu kabla hata ya kupakiwa.

Kompyuta bado inastahili nafasi yake. Daraja la karatasi huchukua siku kadhaa, na likivunjika umepata jibu moja. Kwenye skrini unapata majibu mengi kabla kengele ya kipindi haijalia. Kwa shule na vyuo ambavyo maabara ya vifaa vya chuma ni ndoto, programu ya bure kwenye kompyuta chache zinazotumiwa kwa zamu ni hatua kubwa.

Kinachohitaji kubadilishwa ni namna ya kutoa alama. Tukimpa alama za juu mwenye daraja la bei ya chini kabisa na kuishia hapo, tunamfunza kula akiba asiyoijua. Badala yake, kila mchoro uwasilishwe na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Aeleze mizigo aliyoidhania na kwa nini. Ataje chuma kitakachoanza kushindwa mzigo ukizidi, na kama kitashindwa kwa kupinda polepole au kwa kukatika ghafla. Aseme akiba imebaki wapi. Mwisho aorodheshe vitu ambavyo programu haikuvipima: viungo, udongo, maji, hatua za ujenzi, kutu.

Ukurasa huo ndio unaofanana na kazi inayomsubiri. Mhandisi aliyesajiliwa anapopiga muhuri kwenye michoro, hathibitishi kwamba kompyuta imeipitisha. Anachukua dhamana ya kila kitu ambacho kompyuta haikuulizwa. Mwanafunzi anayeweza kuujaza ukurasa huo vizuri apewe alama ya kwanza, hata kama daraja lake limezidi la jirani yake kwa bei.